Mama Aline wa Gisenyi na programu iliyogoma kuingia kwenye kompyuta

Wakuu, heshima kwenu.

Hii si chai. Imenikaa rohoni tangu mwisho wa miaka ya tisini, leo naitoa.

Familia yetu ilikuwa imerudi Rwanda kutoka Mwanza, tukafikia Gisenyi. Mimi nina certificate ya kompyuta na mdomo mrefu. Nikapata kazi kwenye ofisi ya kuchapa barua karibu na soko. Kompyuta moja, printer moja, na mchapaji mmoja, Mama Aline wa Rugerero, kando ya mji.

System ya mashine ilipokufa nikamwambia bosi, "Niachie mimi." Nikaweka Linux kwa CD ya rafiki yangu.

Ikawaka vizuri. Kasheshe ikawa programu ya kuandikia. Kila nikiinstall inakataa, inataka package nyingine kwanza. Nikiileta hiyo, nayo inataka yake.

Vijana wa leo mnaandika command moja, vyote vinajileta. Sisi internet hatukuwa nayo. Ni wewe na CD yako.

Bosi alikuwa amepokea kazi ya kadi za harusi. Akasema zisipotoka Ijumaa mchana, kazi sina. Siku hiyo ni Alhamisi.

Nikatumia ubabe. Kuna option ya kuiambia mashine isiulize dependency, yaani zile package inazozitaka kwanza. Ikakubali! Nikashangilia. Kufungua programu, ikafa hapo hapo.

Mama Aline alikuwa ananitazama tu. Huyu mama, kabla ya kuja ofisini, kila asubuhi alikuwa anavusha maharage ya Kanama kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka. Karatasi za mpakani alizijua kuliko maafisa wenyewe.

"Kijana yangu, umepitisha muzigo bila karatasi," akasema. "Barrière ya kwanza pale mupaka umepita. Ya pili njo wamekukamata."

Akanifutisha ile programu niliyoingiza kwa ubabe, akachukua daftari. "Soma. Huyu anaomba nani?"

Nikasoma majina kwenye skrini, yeye akaandika, mistari kumi na kitu. Kisha akaweka kidole kwenye jina la chini kabisa. "Bon, tuanze na huyu. Yeye haombi mutu kitu."

Tukapanda kutoka chini. Zikaingia moja moja, kimya, bila error. Nilikuwa namwangalia yule mama kama simjui.

Zikabaki mbili. Hii inataka ile, ile inataka hii. Nikashika kichwa.

Yeye akacheka. "Hii iko kila siku kule mupaka. Huyu anangoja cachet, muhuri ya yule, na yule anangoja ya huyu. Donc, unabaleta bote kwa meza moja."

Nikaandika majina yote mawili kwenye command moja.

Zikaingia.

Jamani! Mama hajakanyaga darasa la kompyuta hata siku moja!

Kadi zikatoka Ijumaa asubuhi. Bosi akanipiga bega mbele ya Mama Aline: "Fundi ni fundi!"

Nikatabasamu. Nikaipokea sifa yote. Mama Aline akaendelea kupanga kadi.

Kazi hii imenilisha mpaka nimeota mvi, na kila nikikwama naanza na yule asiyeomba mtu kitu. Bosi yule mpaka leo anajua fundi nilikuwa mimi.

Nilichojifunza: usiruke barrière, na usile sifa ya mtu. La kwanza nililishika siku ile ile. La pili ndiyo kwanza naanza.

Haya wakuu, na wewe una wako uliyemnyamazia. Mtaje hapa chini, kwa jina.