Matundu Matatu ya Saa ya Bi Salma

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunisalimia. Alinipa saa yenye akrabu moja, akaniuliza inakosa nini. Nikajibu kwa kiburi cha kijana wa Tanga aliyekwisha kufungua saa nyingi za ukutani: inakosa akrabu ya dakika. Akacheka mpaka akakohoa.

"Petit, haikosi kitu," alisema, akiniita mdogo kwa Kifaransa cha kwao. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, na karakana yetu ilikuwa chumba kimoja Yeoville, mtaa wa wageni kusini mwa Afrika, juu ya saluni. "Wakati ile, nani alikuwaka na lazima ya dakika?"

Hizo ndizo saa za fanusi: saa kongwe za shaba kutoka Uingereza, zenye umbo la fanusi na kengele kichwani. Udadisi ulinishika palepale na haujaniachia. Mwanzoni ziliongozwa na gurudumu lililoyumba huku na huku chini ya kengele, zikipoteza muda ovyo. Ilipokuja pendula, yaani uzito unaoning'inia na kubembea, mafundi waling'oa lile gurudumu. Baadaye wengine walitoa mashine nzima, wakatia ya springi, wakautoboa uso wa saa ili ufunguo upite. Kila badiliko liliacha alama, na nilizisoma vizuri hata wakati Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji.

Lakini kabla sijajua kuzisoma, niliharibu. Mume wa Bi Salma, mfanyabiashara wa Mayfair, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, alileta saa yake isafishwe. Kwenye bamba la juu nikaona matundu matatu matupu. Kwetu, fundi anayerudisha kazi ina matundu huonekana mvivu. Nikayaziba kwa shaba, nikapiga tupa, nikang'arisha mpaka mimi mwenyewe sikuyaona. Fundi Mkuu aliporudi, saa ilikuwa imeshachukuliwa.

"Weye! Ile matundu njo ilishikaka gurudumu ya zamani," alisema kwa sauti ya chini. "Siku saa itarudia, utazibua weye mwenyewe."

Miaka ikapita. Yeye akarudi kwao, karakana ikabaki kwangu. Nilipokuwa nakaribia kustaafu, Bi Salma, sasa mjane, alipanda ngazi zetu kwa mkongojo, dereva wake nyuma amebeba saa.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Nambie kweli, mwanangu. Mthamini kasema bamba hili halijapata kushika gurudumu, saa yenyewe ya kuungaunga. Wanangu wanamcheka baba yao, naye yuko kaburini. Kweli alidanganywa?"

Ningeweza kunyamaza, nani angejua?

"Hakudanganywa, bibi. Ni mimi niliyeyaziba matundu yake."

Nikachukua nyundo ndogo na msumari butu, nikagonga kutoka chini. Vizibo vitatu vikadondoka mezani. Bi Salma akapitisha kidole juu ya kila tundu, machozi yanamlenga.

"Utakuja nyumbani," alisema, "uwaambie wanangu kwa mdomo wako."

Nilikwenda, nikawaambia. Lakini kwanza niligeuza lile bamba. Mafundi wa saa tuna desturi ya kukwaruza majina yetu kwa ndani, na mara ya kwanza sikuandika langu. Safari hii nikaandika jina, na chini yake: nilikosea, nimezibua.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaponiuliza ni kazi gani niliyoifanya vizuri kuliko zote, nawaambia ni matundu matatu matupu, yako Mayfair, nendeni mkayaone.