Siku Tatu Ndani ya Majani Chai

Kwa miaka yote hii nimewaambia watu wa kwetu kwamba ule mwaka wa fujo za uchaguzi, sisi Wakisii tulipofukuzwa na nyumba yangu ikachomwa hapa karibu na Kiptere, nilijificha siku tatu ndani ya majani chai. Nililala kifudifudi katikati ya mistari, nikanywa umande. Mtu yeyote aliyewahi kuchuma chai atajua huo ni uongo. Chai inafika kiunoni tu, na chini yake ni matawi makavu yanayokwaruza kama waya. Mtu mzima hamalizi saa moja humo. Lakini ndugu zangu wanakaa Nairobi na hawajawahi kubeba kikapu mgongoni.

Ukweli ni kwamba nilikuwa chini ya kitanda cha jirani yangu, mama mzee Mkipsigis ambaye sisi wote tunamwita Kogo, yaani nyanya.

Waliofanya nitawasema, maana wao hawaoni haya kunisalimia sokoni. Aliyewasha moto ni mume wa binti ya huyo huyo Kogo, mtu ambaye mtoto wake nilimbeba mgongoni mpaka kliniki alipokuwa na degedege. Aliyemwonyesha mlango wangu ni fundi aliyeujenga. Na aliyeniacha ni ndugu yangu wa damu, kitinda mimba wetu. Alipata gari la kwenda Kisii, akapakia mama na magodoro, akamwambia mama kwamba mimi nimeshatangulia. Magodoro yalipata nafasi.

Desemba iliyopita ndugu yangu huyo huyo alikuja likizo kwangu, hapa nilikorudi kujenga, na mke wake na watoto wao wawili, msichana wa miaka sita na kijana wa mitatu. Binti yangu naye akaja na mtoto anayenyonya. Nyumba ikajaa, watoto wakalala kwa mkeka kama viazi. Nilifurahi, sitadanganya. Asubuhi niliwafunga leso viunoni nikawafundisha kuchuma, majani mawili na chipukizi, wao wakaniletea majani magumu ya chini ambayo karani wa kupima chai angenitupia usoni.

Huko shambani ndiko msichana aliniuliza, "Anti, ni hapa ulijificha?"

Ningeweza kusema hapana. Nikamwonyesha mstari. Akalala pale chini na gauni lake la Krismasi, kupima, halafu akasema, "Miguu inaonekana."

"Yangu nilikunja," nikamwambia.

Kesho yake Kogo akatuma mjukuu wake atuite tukanywe maziwa, wote, na watoto. Hadithi mbili za siku tatu zile hazijawahi kukaa chumba kimoja, na moja ilikuwa mdomoni mwa mtoto wa miaka sita. Nikasema naumwa kichwa. Ndugu yangu akacheka. "Dada, maziwa ya kuitiwa unakataa? Wewe ni mgonjwa wa aina gani?" Mkewe alikuwa tayari anavalisha watoto viatu.

Kogo alikuwa amefua vitambaa vyote vya viti. Akatumiminia mursik kutoka kwa kibuyu, maziwa lala yaliyokaa na masizi ya mti mpaka yakawa ya kijivu. Watu wao hawampi kila mtu kinywaji hicho. Msichana akachungulia kikombe.

"Anti, hii ina moshi."

"Ni tawa hiyo," Kogo akasema kwa lafudhi ya kwao, dawa ikawa tawa. "Kunywa, utakuwa na mapafu ya kukimpia."

"Kunywa mama, upate medali tupumzike," ndugu yangu akasema, na watu wakacheka.

Mtoto hakucheka. Aliweka kikombe chini akanigeukia. "Anti, ni hawa walichoma nyumba yako?"

Nilimfinya paja. Mkono wangu ulifika kabla sijafikiria. Nikasema, "Watoto wa Nairobi, wanaona vitu kwa TV," nikajaribu kucheka.

"Si TV," akasema, machozi yakianza. "Wewe ulisema. Hata ulinionyesha, nikalala hapo."

Kogo akafuta mdomo na pembe ya leso. "Alikuonyesha wapi?"

"Kwa majani chai. Alilala siku tatu."

Kogo akaniangalia.

Mwaka ule wa fujo, siku ya pili nikiwa chini ya kitanda chake, yule mkwe wake alikuja kula. Aliketi juu ya kitanda hicho hicho. Niliona gambuti zake za mpira, matope na majivu, na nilijua majivu ni ya nini. Kogo akampa ugali na mboga na maziwa, akamwuliza habari za ng'ombe. Mimi mkojo ukanitoka. Ukatambaa sakafuni kuelekea kwenye gambuti. Kogo aliuona. Alikuwa ameshika kikombe cha maziwa, akakiachilia. Kwa watu wao maziwa hayamwagwi hivi hivi. Mtoto akimwaga anachapwa. Akajitukana kwa sauti, mikono gani hii, uzee gani huu, akapiga magoti akapangusa maziwa na mkojo wangu pamoja kwa kitambaa kimoja. Uso wake ulikuwa karibu na wangu na hakunitazama, nadhani kwa heshima. Mkwe aliendelea kula.

Huyo ndiye mtu niliyemtoa kwa hadithi. Nilijiambia ni kwa sababu alimlisha yule mchomaji wa nyumba yangu kwa mkono ule ule alionilisha mimi. Halafu nikajiambia ni aibu ya mkojo, maana ndani ya chai hakuna aliyeniona. Hizo ni sababu, lakini chini yake kuna nyingine.

"Ndiyo," Kogo akamwambia mtoto. "Alilala huko. Paridi ilikuwa mingi."

"Paridi," msichana akarudia, akaanza kucheka kupitia machozi, na kaka yake mdogo akapokea, paridi, paridi, mpaka Kogo mwenyewe akacheka na meno yake mawili. Alinificha mara ya pili, mbele ya watu wangu, na mimi nikakubali kufichwa. Nilimaliza kikombe. Niliomba kingine ili nisiongee.

Tukirudi ndugu yangu akasema, "Huyu mzee ni mtu mzuri. Wangekuwa wote hivi." Nilifungua mdomo. Hapo ndipo nilijua ile sababu ya chini. Kwa Kogo kulikuwa na joto, blanketi, na uji mara mbili kwa siku. Nikisema hivyo, ndugu yangu atashusha pumzi, aseme, kumbe ulikuwa na mahali. Nami nilitaka abebe ile baridi mpaka kaburini. Kwa ajili hiyo nilimfuta mama wa watu aliyeniokoa. Nikafunga mdomo.

Asubuhi nilienda kwa Kogo peke yangu. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia, "Kogo, nisamehe."

"Ya nini?"

"Ya watoto. Ya jana."

Akatupa kijiwe nje ya mlango. "Walikula wakashipa?"

"Walishiba."

"Yule msichana ulimfinya mpaya. Mwampie pole."

Nikangoja aseme lingine. Akanisogezea ungo, tukachambua maharagwe mpaka yakaisha.

Ndugu yangu na watoto waliondoka Jumamosi. Pole nilimpa msichana. Ukweli sikumpa. Mimi niliishia darasa la sita na kalamu inanitetemesha, lakini haya nimeweza kuyaandika. Kuyatamka ndiko kumenishinda. Jana nilimpigia ndugu yangu simu nimwambie. Aliposhika, nikamwuliza kama huko kwao mvua imenyesha.