Sisimizi wa Laurel

Kazi yangu mjini Laurel, huku ughaibuni, ilikuwa kumtunza bibi mmoja, mwalimu mstaafu ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Nikishamwogesha na kumpa dawa, alitaka nimsomee hadithi za wanyama za Wagiriki wa kale. Kila moja ikiisha aliniuliza funzo lake, kama vile mimi ni mwanafunzi wa darasa la tatu.

Siku ninayoikumbuka sikuwa na hamu ya mafunzo. Nyumbani kwangu, kitongoji cha Langley Park, mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa analala kwenye kochi mwezi wa saba sasa. Alikuja kwa wiki mbili. Kibali chake cha kazi kilishatoka, lakini njia aliyoijua ni moja tu, ya kwenda mazoezi ya kwaya. Kwetu ndugu haulizwi anaondoka lini, nami sikuuliza. Nilinuna, nikagonga masufuria, nikingoja ajiongeze. Hakujiongeza. Asubuhi hiyo nililipuka, nikamwambia nikirudi nisimkute. Hakuwa na pengine pa kwenda, na nililijua hilo.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya sisimizi na nyenje. Nyenje aliimba msimu mzima wa joto; baridi ilipoingia akaenda kuomba chakula, sisimizi akamfukuza. Bibi akauliza funzo. Nikamjibu, kwa kiburi changu chote, kwamba kwetu sisimizi huyo angeitwa mchoyo, maana kwetu mtu hulishwa kwanza, maneno baadaye. Niliona aibu nikiwa bado nasema, lakini sikunyamaza.

Nilidhani atanibishia. Badala yake akanisimulia kwamba dada yake aliwahi kuja na sanduku kwenye mlango ule ule, ndoa imevunjika. Bibi alimhubiria habari za uzembe, akamfungia mlango. Dada hakurudi tena.

"Nilikuwa na haki," alisema. "Kila neno nililomwambia lilikuwa kweli. Sasa anayekaa na mimi ni wewe, na wewe unalipwa."

Kwenye basi nilimpigia ndugu yangu mara nne. Simu haikupatikana, na niliogopa kweli. Barabara ilikuwa imefukuliwa kwa ajili ya reli mpya, basi likawa linatambaa, nikashuka vituo viwili kabla ya changu nikaenda mbiombio. Nilimkuta ameketi ngazini, begi miguuni, simu imeisha chaji.

"Samahani dada," alisema. "Sikujua niende wapi."

Ilikuwa zamu yangu kuomba radhi, lakini ulimi ulikuwa mzito. Nikamwambia aingize begi, ale, na kesho saa kumi na moja alfajiri twende wote kwenye ofisi iliyoniajiri, wanatafuta watu. Akauliza kwaya itakuwaje. Nikamwambia Mungu anasikia hata ukiimba Jumapili tu.

Nilikuwa bado na hasira naye. Nilikaanga viazi vya kuwatosha watu wanne, tukala vyote.