Pini ya Gari la Waridi

Mtaani kwetu hapa Cienfuegos, nchini Kuba, kila mtu alijua kwamba Nivardo Quesada, fundi wa magari ya kale, hakuwahi kumsamehe Osmany. Mirtha, aliyekuwa mke wa Nivardo, aliolewa na Osmany, na Yamilka, binti wa Nivardo, akamfuata mama yake. Hayo Nivardo aliyameza. Kilichomkwama kooni ni gari. Osmany alikuwa na gari la wazi, la rangi ya waridi, lenye umri mkubwa kuliko wao wote, na ndilo lingemzungusha Yamilka mjini siku ya kutimiza miaka kumi na mitano, ambayo kwetu msichana husherehekewa kama bibi harusi, gauni limetandazwa, watu wanapiga picha. Baba mzazi alikuwa na baiskeli.

Wiki ya sherehe gari likaanza kugonga chini. Osmany akalileta.

"Pini ya kiungo cha propela inachomoka," Nivardo alisema kutoka uvunguni, akigusa mhimili wa chuma unaozungusha magurudumu ya nyuma. "Jumamosi gari halitakuwa tayari."

"Ndugu yangu, usinifanyie hivyo. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Osmany aliliondoa gari, akalipeleka kwa fundi mwingine upande wa pili wa mji. Nivardo alijua fika kuwa kazi ile ni ya asubuhi moja. Akaingia ndani kupika maharage, akayaacha yaungue.

Jumamosi alasiri alijipanga nasi kando ya barabara ya Prado, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Gari likaja polepole, Osmany kwenye usukani, Mirtha pembeni yake, na Yamilka juu ya mgongo wa kiti cha nyuma kama malkia. Watu wakapiga makofi. Nivardo hakupiga. Alikuwa akisikiliza. Tak. Tak-tak.

Yule fundi mwingine alikuwa ameigonga tu pini ikaingia, hakuifunga. Nilimwona uso ukimlegea, karibu atabasamu. Baadaye aliniambia kweli: alifurahi. Alitaka lizimike hapo hapo mbele ya mji mzima. Kisha akaona kwamba binti yake hana pa kujishika, na propela ikianguka ikachimba lami, gari litaruka. Akarukia baiskeli.

Aliwapita, akaitupa baiskeli mbele yao.

"Hata leo, Nivardo?" Mirtha alifoka. "Hata leo wivu?"

"Wivu ninao. Zimeni gari."

"Baba, watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Shuka, mwanangu."

Osmany aliingiza mkono chini, akaugusa ule mhimili wa chuma. Pini ikacheza vidoleni mwake. Aliinuka amepauka, akavua koti.

Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao akatoa jeki, mawe ya kuzuia magurudumu na nyundo mbili. Nivardo na Osmany wakalala uvunguni, bega kwa bega, mashati ya sherehe na yote.

"Shika nyundo kubwa, uikaze kwenye ncha ile," Nivardo alisema. "Ukilegeza, pini inarudi kwako na mimi napiga hewa."

"Utaniponda vidole."

"Nimetamani mwaka mzima. Shika."

Osmany akashika, na akashika vizuri. Nivardo alizigonga ncha za pini kidogo kidogo, huku na huku, mpaka zikatanuka kama vichwa vya misumari, isiweze tena kutoka kwa upande wowote. Muda wote huo pua yake ilikuwa imejaa manukato ya mwenzake. Aliyajua. Zamani Mirtha alikuwa akimnunulia yeye hayo hayo.

Walipotoka, nyuso zote mbili zilikuwa zimejaa grisi. Mirtha akachomoa leso mkobani, akaanza kumfuta Osmany.

Nivardo akajifutia mkono wa shati.

"Panda, twende wote," Osmany alimwambia.

"Na baiskeli je?"

Gari likaondoka, kimya kabisa chini. Sisi wengine tulifika ukumbini kabla ya Nivardo. Yeye alikuja taratibu, akakuta nguruwe wa kuchoma amebaki mifupa. Dansi ya kwanza, ile ya baba na binti, Yamilka alikuwa ameshacheza na Osmany. Alipomwona baba yake mlangoni alimjia mbio.

"Utachafua gauni," Nivardo akasema.

"Basi lichafuke. Mbona umechelewa?"

Wakacheza. Gauni likapata alama nyeusi ya kiganja mgongoni, na juu ya bega la binti yake Nivardo bado alikuwa akimtazama Osmany, ambaye alikuwa akimjazia Mirtha glasi.