Mtamba Aliyeachwa na Lori

Mwaka ule kila kitu kilikuwa ni vita. Ukimuuliza mama wa mandazi hapa Kitengela mbona andazi limekuwa kama limekaa njaa, anakujibu, "Mzee, ni vita. Ngano inatoka huko." Mafuta ya kupikia, vita. Sabuni, vita. Unga wa mahindi ukapita mia mbili kwa pakiti, na mahindi ni yetu, yamelimwa na watu ninaowajua, lakini ukiuliza, ni vita. Siku moja nilienda kwa muuza nyasi upande wa Isinya. Nikamwambia, kijana, hii nyasi imeota hapa, mvua iliyoinyeshea ilikuwa ya hapa, inahusiana nini na Urusi? Akacheka. "Trekta inakunywa dizeli, mzee. Haikunywi maombi."

Nilirudi nyumbani na robo ya mzigo niliotaka, nimebeba begani, na hasira nimebeba bega lile lingine.

Niseme ukweli. Sikujua hiyo Ukraine iko upande gani. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu nilimaliza nusu, kwa sababu baba alinitoa nikachunge. Lakini vita yenyewe niliijua kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Niko na redio ndogo nyeusi, imefungwa na mpira kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea. Asubuhi naisikiliza, saa saba naisikiliza, jioni naenda kwa hoteli moja karibu na stendi ambapo kuna televisheni ukutani. Zamani tulikuwa tunaangalia mpira hapo. Mwaka ule wazee tulikuwa tunaangalia vifaru. Unanunua chai moja, unaikalia mpaka ipate ngozi, na mwenye hoteli anakuangalia vibaya. Tulikuwa tumegawana. Wengine upande huu, wengine upande ule, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kuona theluji.

Mke wangu alisema, "Wewe unajua majenerali wa watu, na hujui ng'ombe wako amekula nini leo."

Hapo alikuwa amenipata. Kwa maana mwaka ule pia mvua ilikuwa imekataa. Si mara moja. Ilikuwa imekataa mpaka tukaacha kuhesabu. Na siku hizi huwezi kuhama na mifugo kama zamani. Nilipokuwa kijana, kutoka hapa ungeswaga ng'ombe mpaka unapotaka, hakuna wa kukuuliza. Sasa ni ploti, ua wa waya, ploti, ukuta, geti lenye mbwa. Ng'ombe wangu walikuwa kumi na mmoja. Wakaisha mmoja mmoja. Akabaki mmoja, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na alikuwa na mimba.

Huyo mtamba lazima nimweleze, ama hamtaelewa kitu.

Nilipomwoa mke wangu, kaka yake alinipa ng'ombe. Kwetu Wamaasai, ukipewa mnyama na mtu, jina lake linakaa kando, mnaanza kuitana kwa kile mlichopeana. Tuliopeana ng'ombe tunaitana Pakiteng. Mimi namwita Pakiteng, yeye ananiita Pakiteng, mpaka kaburi. Watoto wangu hawajui jina lingine la mjomba wao. Na mtamba huyu alikuwa mtoto wa mtoto wa mtoto wa yule ng'ombe. Damu yote nyingine ilikuwa imekwisha. Akifa huyu, sisi wazee wawili tutakuwa tunaitana jina ambalo halina miguu.

Pakiteng anaishi Entarara, kule karibu na Loitokitok, ambako watu wanalima. Kuko na maji ya mlima, kuko na mabua ya mahindi baada ya kuvuna. Ng'ombe mmoja kule hawezi kufa. Tatizo ni kumfikisha. Malori yalikuwa machache, na yaliyokuwepo bei yake, basi, mshaambiwa. Ni vita.

Sasa, asubuhi moja, saa tatu hivi, nikamwona Pakiteng mwenyewe kwa geti, amevaa koti lake la kanisani, ana vumbi mpaka kwa nyusi. Mke wangu alikuwa ameenda kupanga mitungi ya maji. Nilikuwa peke yangu na redio.

"Supa, Pakiteng," nikamsalimia.

"Ipa."

Nikampa kigoda, nikamtilia chai, ya rangi, maziwa yalikuwa hakuna. Tukaanza kula habari. Hivyo ndivyo tunavyosema, kula. Mgeni akija hasemi kilichomleta. Hiyo ni tabia ya mtu ambaye hakulelewa. Anaanza na alikotoka, watoto, mifugo, nani mgonjwa, nani ameoa, njiani ameona nini, na wewe unaitikia, eeh, eeh, mpaka amalize. Halafu anakwambia, "Hizo ndizo habari," na ni zamu yako, na yeye anaitikia. Hakuna kukatana. Ujumbe wenyewe unakuja mwisho, kama mfupa chini ya sufuria.

Pakiteng alieleza zake vizuri. Ndovu aliingia shamba la jirani. Mchungaji wao amehamishwa. Nyanya zimeoza kwa sababu walanguzi hawaji. Alikula habari zake kwa muda wa vikombe viwili, akasema, "Hizo ndizo habari."

Basi na mimi nikaanza.

Mungu anisamehe. Mtu mwingine angesema, hapa ni kiangazi tu, ng'ombe amebaki mmoja, amekwisha. Maneno matatu. Lakini mimi nilikuwa na vita kifuani, na kwa muda mrefu sikuwa nimepata mtu wa kuniitikia bila kubishana. Nikampeleka Pakiteng kwenye vita yote. Nikamweleza meli za ngano zilivyozuiwa baharini. Nikamchorea na fimbo mchangani, huu mto, hapa daraja, hapa limelipuliwa. Na yeye anasema eeh. Mara mbili nilimwona akiangalia jua. Nikafikiri macho yanamsumbua. Mara moja alifungua mdomo, nikamwambia, "Ngoja, Pakiteng, bado hujasikia ya ndege." Akaufunga. Alilelewa vizuri sana, huyo mtu.

Nilikuwa kwenye ndege wakati mke wangu alipoingia na mtungi mgongoni. Alimwangalia kaka yake, hata hakusalimia.

"Wewe unafanya nini hapa? Lori yako nimeiona pale sokoni ikigeuza. Dereva anapiga honi anakutafuta."

Pakiteng akasimama. "Saa ngapi?"

"Saa sita na zaidi."

Hapo ndipo ujumbe ukatoka, wote kwa mkupuo mmoja. Alikuwa amekuja na lori ya nyanya kutoka Entarara. Inarudi tupu. Amebembeleza dereva, na dereva amekubali kubeba mtamba bure, lakini ataondoka saa sita kamili, na hiyo ndiyo safari yake ya mwisho, mwenye lori anaiegesha mpaka dizeli ishuke.

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?" mke wangu akauliza.

"Pakiteng alikuwa bado anakula habari," kaka yake akajibu.

Mke wangu akaniangalia. Akaangalia mchangani, ule mto wangu na daraja langu. Akapita juu yake na miguu, akaenda kumfungua ng'ombe.

Simu ya Pakiteng ilikuwa imekufa betri. Kwa simu ya jirani tukampata dereva. Alikuwa ameshatoka mjini. "Nitasimama Kajiado kidogo nipakie kreti. Mkifika, sawa. Msipofika, mzee, mimi siko na la kufanya." Tukakimbilia kijana wa pikapu. Akataja bei ambayo ungenunua pikapu yenyewe. Nikamwambia, ni Kajiado tu, hapo, sikwambii unipeleke Urusi. Akaniambia, "Mzee, si mimi."

Nikamwambia asimalizie. Najua ni nini.

Basi tukafanya ujinga. Wazee wawili na mama mmoja, tukamswaga mtamba mwenye mimba kwa miguu, kando ya barabara ya Namanga, jua la saa saba, kama vile lori itatungoja mpaka kesho. Alitembea. Hiyo ndiyo inaniuma. Alijaribu. Alipita viwanda vyenye vumbi, akapita mahali wanauza mawe, masikio yakiwa chini, halafu akakunja miguu ya mbele polepole kama mtu anayepiga magoti kanisani, akakaa. Tukamvuta mkia. Mke wangu alimsemesha kwa maneno ambayo mimi hajawahi kuniambia. Hakuinuka.

Tulimrudisha kwa mkokoteni. Miguu inaning'inia huku, kichwa nimekishika mimi. Tulipopita ile hoteli yangu, televisheni ilikuwa inawaka, vifaru, na wazee wenzangu wamekaa na chai zao zenye ngozi. Vijana wakatoka na simu kupiga picha.

"Wazee, hiyo ni ambulansi ama?"

"Wacha, budaa anapeleka ng'ombe wake maternity!"

Mmoja wa wazee akaniita kutoka ndani, "Umesikia ya leo?" Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilitamani kumpiga mtu mzima na fimbo.

Kwa hivyo Pakiteng, kwa kuwa lori imemwacha na yeye, akakaa kwetu. Siku kumi na tatu. Kila asubuhi tulimwinua mtamba. Waliopitia kiangazi wanajua kazi hiyo. Ng'ombe akidhoofika hawezi kusimama mwenyewe, mnapitisha kamba chini ya tumbo, mmoja kwa mkia, mmoja kwa pembe, mnahesabu, mnavuta, na akisimama mnamshikilia mpaka miguu ikumbuke. Mke wangu alimkatia majani ya mti, alimpikia uji wa ule unga wa mia mbili, akamnywesha na chupa. Sisi tulikunywa chai ya rangi. Sikuwasha redio. Tulikuwa tunavuta kamba, na kula habari kulikuwa kumeisha, kwa sababu habari zote zilikuwa zimelala pale mbele yetu.

Siku ya kumi na tatu tulivuta akasimama, tukamwachilia, akaanguka upande wa mimba. Mke wangu akasema, "Basi. Mwacheni." Akaenda ndani akaleta kisu.

Ndama tuliyemtoa alikuwa jike, naye hakupumua. Sitasema zaidi ya hapo.

Pakiteng aliondoka kesho yake kwa basi, nauli tuliomba kanisani. Kwa geti alinishika mkono, akataka kuniaga, na nikaona amekwama. Kinywa kiko wazi, jina halitoki. Mwishowe akasema, "Haya, wewe. Tutaonana."

Wewe! Zaidi ya miaka arobaini, halafu wewe.

Mke wangu aliwamba ngozi ile, akaikausha, akaitandika barazani pale mgeni anapokaa. Na akaweka sheria yake. Ukija kwetu, uwe mchungaji, uwe chifu, uwe mtu wa kuuza sufuria, unakalishwa kwa ngozi, na kabla hujaulizwa hali anakusimamia mbele. "Sema kilichokuleta kwanza. Habari tutakula baadaye." Wazee wanalalamika. Wanasema nyumba yangu imeharibika tabia, imekuwa kama ofisi. Mimi nawaambia wamwambie mwenyewe. Hakuna aliyethubutu.

Mvua ilikuja. Ilikuja kama mdaiwa, imechelewa na haiangalii mtu machoni, nyasi ikatoka, na mimi sina mdomo wa kuila. Bei ya unga ilishuka kidogo ikapanda tena. Andazi halijarudi ukubwa wake mpaka leo.

Na siku moja nikasikia sauti kwa geti. Ni yeye, na koti lile lile. Hakungoja hata afunguliwe; sheria ya dada yake ilikuwa imeshamfikia huko Entarara.

"Pakiteng!" akaniita. "Pakiteng, mwambie dada yangu sina ujumbe! Nimekuja kusalimia tu!"

"Basi ingia," mke wangu akasema.

Akaingia, akaiona ngozi, akaliona doa jeupe pale kwa paji. Akasimama kidogo. Halafu akavua viatu, kitu ambacho hatufanyagi, akakaa juu yake. Nikamtilia chai, safari hii na maziwa ya kununua. Akala habari zake, fupi sana, ndovu hata hakumtaja. Akasema, "Hizo ndizo habari." Ikawa zamu yangu.

Nikamwambia tuko wazima. Nikasema, hizo ndizo habari.

Akangoja. Akaangalia mchanga pale miguuni kwangu.

"Na ile vita," akasema, "iliisha?"

"Sijui," nikamwambia. "Redio haina betri."

Betri nilikuwa nazo. Mbili, mpya, ndani ya mfuko wa koti.