Kukabidhi Boila Kabla ya Saa Sita

Tangu asubuhi mzee wa boila hakukalika, utadhani kakalia siafu. Anaketi, anainuka, anashika kipimo cha mvuke, anakiacha. Mfukoni alikuwa na barua ya meneja, ya Kiingereza, ikimtaka a-hand over boila kabla ya saa sita mchana, aende zake. Miaka thelathini na moja akichemsha mvuke katika kiwanda cha kufulia mashuka, kwaheri yenyewe mistari mitatu.

Hand over aliijua. Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyokwisha jalada. Ilisema ni kumpa mwenzako kilicho mkononi mwako: funguo, mfungwa, madaraka, zamu. Muda haikutaja. Yeye alikabidhiwa boila na mtangulizi wake kwa miezi mitatu, kafungwa kitambaa machoni, mpaka sikio likatofautisha maji na mvuke. Siku hizi watu hukabidhiana karatasi, wakaita kazi.

Saa tano akaingia mrithi wake, mama wa makamo, fundi bomba, na fomu mkononi.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa tusaini tu."

"Marahaba. Saini itazima moto?"

"Usinitishe bwana, nina watoto."

"Hao ndio wananinyima raha. Kioo hiki cha kupimia maji kikiziba kinasema uongo: boila kavu, chenyewe kinaonyesha maji pomoni. Na kesho uko peke yako. Fumba macho."

Mama akacheka. "Nifumbe macho kazini? Tutafukuzwa wote!"

"Mimi nimeshafukuzwa, mwanangu. Fumba."

Akafumba. Mzee akafungua kibomba cha juu ubavuni mwa boila, kisha cha chini.

"Umesikia nini?"

"Kelele."

"Sikiliza tena. Cha juu kinafoka mvuke, cha chini kinatema maji. Siku cha chini kikifoka kama cha juu, maji yamekwisha: zima moto, usiongeze maji, toka mbio."

Akamrudisha mara kumi, ataje kwa sikio kipi ni kipi. Mara sita mama alikosea.

Saa sita meneja akachungulia mlangoni. "Mzee, bado tu? Hiyo si kazi ya dakika tano?"

Mama alijibu macho bado kayafumba. "Bosi, mimi sisaini. Sijakabidhiwa."

Meneja akatazama saa yake, akasonya. "Basi mpaka saa kumi. Baada ya hapo mlinzi atamtoa mzee."

Muda wa saa nne tu, kwa kazi ya miezi mitatu! Mzee alizunguka boila upande huu, akarudi upande ule, hajui aanzie wapi. Akafuta jasho, akashika kibomba cha chini.

"Haya, mama. Hicho unachokosea. Tena."