Siku Lundo la Kokoto Lilipohamia Juu ya Ofisi ya Baba Mkwe

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili msije mkamtafuta mwingine huko chini.

Kompyuta yangu ilisema nusu ya lundo la kokoto imehamia juu ya ofisi ya baba mkwe. Mwenyewe yumo ndani, anakunywa chai.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa binti wa mizani, yule anayepima malori pale machimboni. Baba yake ndiye msimamizi. Wanamwita Mzee Futi, kwa sababu kila kitu hukipima kwa hatua zake na kamba yenye mafundo.

Alinijibu hivi: "Nasikia wewe unapima kwa ndege. Nipimie lundo lile. Mimi nimeshalipima, namba yangu iko mfukoni. Ukiliweza, tutazungumza."

"Hilo dogo, baba."

"Kwa sasa ni mzee. Ikifika baba, utaambiwa."

Nikaenda na miwani ya jua. Droni, ile ndege ndogo ya kupiga picha, mkononi; antena begani. Antena ndiyo inayosikiliza setilaiti na kuiambia droni ipo wapi hasa. Sharti lake ni moja: ikikaa, imekaa. Ikisogezwa, kila kilichopigwa picha kinahama nayo.

Nikatafuta mahali pa juu, peupe. Nikaona kijiko, lile dude la manjano la kuzolea mawe, limejaa vumbi utadhani halijawashwa tangu enzi za bibi. Nikaibandika antena juu ya paa lake kwa sumaku.

Droni ikapaa. Mimi nikageuka kumpungia mkono binti wa mizani.

Nikapunga sana.

Baadaye niko ofisini, nasoma majibu kifua mbele.

"Mita za ujazo elfu sita na mia nne."

Mzee Futi akaitazama picha kwenye kompyuta. "Na hiki kilicho juu ya ofisi?"

"Kokoto, mzee."

"Kwa hiyo hapa tulipo tumefukiwa."

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Setilaiti ishirini na mbili, mzee. Haziwezi kusema uongo zote."

Mlango ukagongwa. Dereva wa kijiko, mdomo umejaa chakula, mkononi kashika antena yangu.

"Nani kanivalisha kofia? Nimesogea kivulini nile, nashuka naikuta juu ya paa."

Binti wa mizani akaficha uso kwenye daftari. Mabega yanamcheza.

Nikatoka mbio kupima upya. Safari hii antena niliisimamisha chini kwa miguu yake mitatu, nikailinda kama kuku aliyeatamia. Kupunga mkono nikaacha.

Majibu: elfu mbili mia tisa thelathini na nane.

Mzee Futi akatoa kikaratasi chake mfukoni. Elfu mbili mia tisa.

Hapo ningeshukuru Mungu. Lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza.

"Unaona, mzee? Kamba imekuangusha. Umepungukiwa thelathini na nane."

Akavaa miwani, akaisogelea picha, akaweka kidole ukingoni mwa lundo.

"Hizo thelathini na nane zako zina matairi manne."

Kijiko. Kivuli alichokifuata dereva kilikuwa cha lundo lenyewe, na mimi nimelipima dude zima kama kokoto.

Nikatafuta setilaiti ya kusingizia. Sikuipata.

"Nimekosea, mzee. Mara mbili, na saa nane haijafika."

Akakunja kikaratasi taratibu. "Aliyekuja kuposa kabla yako hakuwahi kukosea hata siku moja. Nilimfukuza."

Jamani, tusidanganyane. Ukitaka kujua ulipo, anza kuangalia umesimama juu ya nini. Na ukikosea, sema mapema, kabla dereva hajaja na ushahidi mkononi.

Basi ujasiri ukanirudia. "Kwa hiyo ile posa, baba?"

Hakunisahihisha.

"Imepokelewa," akasema. "Ila wajukuu nitawahesabu mwenyewe."